Oman na dakika za lala salama: Kwa nini tiketi ya Kombe la Dunia iliponyoka

Usiku wa tarehe 11 Oktoba 2025 mjini Doha, timu ya taifa ya soka ya Oman ilikuwa ikiongoza kwa bao moja bila jibu dhidi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, na saa ya uwanjani ilikuwa imeshapita dakika ya 75. Kipenga cha mwisho kilipolia, ubao ulisomeka mabao 2-1 kwa faida ya Falme za Kiarabu, na matumaini ya Oman kucheza fainali za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake yalikuwa yamezimika.

Kwa mji wa Muscat, ambako Kiswahili husikika majumbani na katika vikao vya kahawa sambamba na Kiarabu, maumivu hayo hayakuwa mageni. Miezi tisa kabla yake, tarehe 4 Januari 2025, Oman ilipoteza fainali ya Kombe la Ghuba mbele ya Bahrain kwa sura ile ile: bao la kuongoza lililopatikana mapema, kisha mabao mawili ya kufungwa mwishoni.

Kushindwa ni sehemu ya mchezo, na wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kushindwa kwa namna moja, mara baada ya mara, ni jambo linalohitaji maelezo. Kwa nini timu inayoweza kuwabana wakubwa wa Asia kwa dakika 75 hushindwa kuzihimili 15 zilizobaki? Na je, dosari hiyo inaweza kutibiwa kabla ya Kombe la Asia, lililopangwa kufanyika Saudi Arabia mwanzoni mwa 2027?

Mlango uliofunguliwa

Uzito wa kilichopotea unaeleweka zaidi pale mtu anapokumbuka jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Shirikisho la soka duniani, FIFA, liliongeza idadi ya timu katika fainali za 2026 kutoka 32 hadi 48. Bara la Asia, ambalo hapo awali lilikuwa na nafasi nne za moja kwa moja na nyingine moja ya kugombewa katika mchujo wa mabara, lilipewa nafasi nane za moja kwa moja pamoja na ile ya mchujo.

Kwa nchi kama Oman hesabu hiyo ilibadilisha kila kitu. Katika safari ya kuelekea fainali za 2022, Oman iliishangaza Japan katika ardhi ya Japan yenyewe. Tarehe 2 Septemba 2021, katika mji wa Suita, mshambuliaji Issam Al-Sabhi alifunga bao pekee la mchezo zikiwa zimebaki dakika mbili tu za muda wa kawaida. Hata hivyo, kundi lilipomalizika Oman ilikuwa ya nne kwa pointi 14, ikizidiwa kwa pointi moja na Australia, iliyoshika nafasi ya tatu na kwenda katika mchujo. Australia ilipita mchujo huo na kufika Qatar. Oman ilibaki nyumbani.

Kwa hiyo safari ya 2026 ilipoanza, Waomani walikuwa na haki ya kuamini kwamba pointi ile moja iliyokosekana ingefidiwa na nafasi zilizoongezwa. Mataifa mengine yaliyokuwa yakisubiri kwa miaka mingi yaliitumia fursa hiyo: Jordan na Uzbekistan zote zilifuzu kwa mara ya kwanza.

Mcheza kwao hakutunzwa

Katika raundi ya tatu Oman ilipangwa katika kundi B pamoja na Korea Kusini, Iraq, Jordan, Palestina na Kuwait. Timu mbili za juu zilikuwa zifuzu moja kwa moja. Ya tatu na ya nne zilikuwa ziendelee na raundi nyingine.

Hesabu ya mwisho ya kundi hilo ni hii: Korea Kusini pointi 22, Jordan 16, Iraq 15, Oman 11, Palestina 10 na Kuwait 5. Katika mechi kumi, Oman ilishinda tatu, ikatoka sare mbili na kushindwa tano. Ilifunga mabao 9 na kufungwa 14.

Ndani ya hesabu hiyo kuna jambo ambalo jedwali halilionyeshi. Methali husema mcheza kwao hutunzwa, lakini uwanja wa nyumbani haukuitunza Oman. Kati ya mechi tano zilizochezwa Muscat, Oman ilishinda mbili: 4-0 dhidi ya Kuwait na 1-0 dhidi ya Palestina. Nyingine tatu, dhidi ya wale wale walioshika nafasi tatu za juu, zote ilizipoteza: 3-1 kwa Korea Kusini, 1-0 kwa Iraq na 3-0 kwa Jordan. Zaidi ya hayo, bao pekee la Oman katika mechi hizo tatu lilitokana na Mkorea kujifunga. Hakuna mchezaji hata mmoja wa Oman aliyetikisa nyavu za Korea, Iraq au Jordan mjini Muscat.

Kipigo cha Jordan, cha tarehe 5 Juni 2025, kilikuwa na uchungu wa aina yake. Ali Olwan alifunga mabao yote matatu, na usiku huo huo Korea Kusini ilipoifunga Iraq, tiketi ya kwanza ya Jordan ya Kombe la Dunia ikathibitika. Sherehe ya kihistoria ilifanyika Muscat, lakini wenye sherehe walikuwa wageni.

Oman iliponea chupuchupu siku tano baadaye mjini Amman, ambako Palestina ilikuwa ikicheza mechi yake ya mwisho ya kundi mbali na ardhi yake. Palestina iliongoza kwa bao moja, na ushindi ungeipeleka raundi ya nne. Oman ilikuwa imebaki na wachezaji kumi. Katika dakika ya 97 ikapata mkwaju wa penalti, Issam Al-Sabhi akaupachika wavuni, na ndoto ya Palestina ikafia hapo. Kwa hiyo isisemwe kwamba dakika za lala salama daima huionea Oman. Mara hiyo aliyelia alikuwa mwingine.

Mechi nne, kisa kimoja

Hata hivyo, mtu akizipanga mechi kubwa za Oman za kuanzia Januari 2024 hadi Oktoba 2025, ataona mstari unaojirudia.

Tarehe 16 Januari 2024, katika Kombe la Asia nchini Qatar, Oman iliongoza dhidi ya Saudi Arabia kwa mkwaju wa penalti wa Salah Al-Yahyaei tangu dakika ya 14. Saudi Arabia ilisawazisha katika dakika ya 78, na beki Ali Al-Bulaihi akafunga bao la ushindi katika dakika ya sita ya muda wa nyongeza.

Siku tisa baadaye, Oman ilihitaji ushindi dhidi ya Kyrgyzstan ili kusonga mbele. Ilipata bao mapema kabisa, katika dakika ya 8, kupitia kwa Muhsen Al-Ghassani. Ililitunza kwa zaidi ya saa moja. Katika dakika ya 80 Kyrgyzstan ikasawazisha, na Oman ikayaaga mashindano.

Ikaja fainali ya Kombe la Ghuba mjini Kuwait. Abdulrahman Al-Mushaifri aliipatia Oman bao la kuongoza katika dakika ya 17. Katika dakika ya 78 Bahrain ilisawazisha kwa penalti ya Mohamed Marhoon, na dakika mbili tu baadaye beki wa Oman, Mohammed Al-Musallami, akajifunga. Kombe likaenda Manama.

Ya nne ni ile ya Doha dhidi ya Falme za Kiarabu. Oman ilipata bao katika dakika ya 12, baada ya beki Kouame Autonne kujifunga. Marcus Meloni alisawazisha katika dakika ya 76, na Caio Lucas akalifunga la ushindi katika dakika ya 83.

Dakika ya 78, dakika ya 80, dakika ya 78 tena, dakika ya 76. Katika mechi zote nne Oman iliongoza. Katika zote nne lango lake lilifunguka ndani ya dakika 15 za mwisho. Hata ile mechi ya Muscat dhidi ya Korea Kusini, ambayo Oman haikuongoza, ilikuwa sare ya 1-1 hadi dakika ya 82, Son Heung-min alipofunga bao la pili.

Wasikilizaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa ladha ya jambo hili. Tarehe 21 Januari 2024, siku tano tu baada ya bao lile la Saudi Arabia, Taifa Stars ilikuwa ikiongoza katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Côte d'Ivoire dhidi ya Zambia iliyobaki na wachezaji kumi. Ushindi wake wa kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo ulikuwa mkononi. Patson Daka akasawazisha katika dakika ya 88.

Miguu iliyochoka

Maelezo ya kwanza, na yaliyo rahisi kuthibitishwa, ni ratiba. Raundi ya nne ilikuwa na makundi mawili ya timu tatu tatu, moja likichezwa Qatar na jingine Saudi Arabia. Wenyeji walicheza mechi ya kwanza na ya mwisho ya kundi lao. Oman ilicheza na Qatar tarehe 8 Oktoba na kutoka sare bila bao, kisha ikateremka uwanjani tena tarehe 11 dhidi ya Falme za Kiarabu, ambayo ilikuwa haijacheza mechi hata moja katika raundi hiyo.

Maana yake ni kwamba Oman ilikuwa katika mechi ya pili ndani ya siku nne, ikipambana na kikosi kilichopumzika. Ushindi siku hiyo ungeifikisha pointi nne na kuilazimisha Qatar, yenye pointi moja, kushinda mechi yake ya mwisho. Badala yake Falme za Kiarabu ndiyo iliyokwenda katika mechi hiyo ikiwa na matumaini, na Qatar ikaishinda 2-1 na kufuzu.

Lakini ratiba haiwezi kubeba lawama yote. Katika fainali ya Kuwait, Bahrain nayo ilikuwa imecheza mechi nyingi ndani ya siku chache kama Oman. Na dhidi ya Kyrgyzstan hakukuwa na mwenyeji wa kupendelewa.

Wala sababu si uoga. Katika nusu fainali ya Kombe la Ghuba, tarehe 31 Desemba 2024, Oman ilibaki na wachezaji kumi kuanzia dakika ya 33 baada ya Al-Mundhar Al-Alawi kuonyeshwa kadi nyekundu, na bado ikaifunga Saudi Arabia 2-1. Timu isiyo na moyo haifanyi hivyo.

Benchi na ligi

Maelezo ya pili yanagusa mambo ya ndani zaidi. Tangu kanuni za soka ziruhusu timu kubadilisha wachezaji watano, robo ya mwisho ya mchezo imegeuka kuwa shindano la mabenchi. Kocha mwenye wachezaji wa akiba walio sawa na walioanza huingiza nguvu mpya dhidi ya miguu iliyochoka. Kocha asiye nao huwarudisha watu wake nyuma kulinda bao moja, na timu inayorudi nyuma hukaribisha krosi, kona na penalti. Mabao kadhaa yaliyotajwa hapo juu yalizaliwa katika hali hiyo ya kusukumwa kuelekea langoni.

Upana wa benchi hutegemea ligi. Kwa miaka mingi wachezaji wa Oman walikuwa waajiriwa wa jeshi, polisi na idara za serikali, wakifanya mazoezi jioni baada ya kazi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mlinda mlango Ali Al-Habsi, aliyekuwa mfanyakazi wa zimamoto katika uwanja wa ndege wa Seeb kabla ya kwenda Norway mwaka 2003 na baadaye kuwa Mwomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Bolton na kisha Wigan. Ligi ya kulipwa ilianzishwa nchini Oman katika msimu wa 2013/14 tu.

Ligi hiyo si ya kudharauliwa. Mwaka 2022 klabu ya Al-Seeb ilitwaa Kombe la AFC, mashindano ya daraja la pili ya vilabu vya Asia, kwa kuifunga Kuala Lumpur City 3-0 katika fainali iliyochezwa Malaysia. Ilikuwa klabu ya kwanza ya Oman kufanya hivyo. Lakini nguvu ya fedha ya vilabu vya Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu ni ya kiwango kingine, na mchezaji anayekutana kila wiki na wapinzani wa kasi ya juu huzoea kufikiri haraka hata akiwa amechoka.

Tofauti inaonekana wazi zaidi kwa kuzitazama nchi zilizofuzu kwa mara ya kwanza. Jordan ina Mousa Al-Taamari, anayeijua ligi ya Ufaransa. Uzbekistan imemtoa Abdukodir Khusanov, aliyesajiliwa na Manchester City Januari 2025. Zaidi ya miaka ishirini baada ya Al-Habsi kuondoka Seeb, Oman bado haijampata Al-Habsi wa pili.

Wapo wanaotoa hoja ya idadi ya watu. Sensa ya 2020 iliihesabia Oman wakaazi milioni 4.47, na karibu wawili katika kila watano walikuwa wageni. Ni kweli kwamba wigo wa kuchagua wachezaji ni mdogo. Baadhi ya majirani hupanua wigo wao kwa kuwapa uraia wachezaji waliozaliwa nje: Meloni na Caio Lucas, walioizamisha Oman, wote wawili ni wazaliwa wa Brazil. Kanuni zinaruhusu, na Oman imechagua kutegemea zaidi vijana waliokulia nchini. Lakini hoja hiyo inakwama mbele ya Bahrain, nchi yenye watu wachache zaidi kuliko Oman, ambayo hata hivyo ilinyanyua kombe.

Makocha wanne

Maelezo ya tatu ni ya uongozi wa timu. Branko Ivanković kutoka Croatia aliondoka baada ya Kombe la Asia la Januari 2024. Nafasi yake ilichukuliwa na Jaroslav Šilhavý wa Jamhuri ya Cheki, ambaye hakudumu zaidi ya mechi mbili za kwanza za raundi ya tatu, zote za kushindwa. Septemba 2024 akaja Mwomani Rashid Jaber, yule aliyeipa Al-Seeb kombe lake la Asia. Yeye ndiye aliyeifikisha timu fainali ya Kombe la Ghuba na kuivusha hadi raundi ya nne. Julai 2025, miezi mitatu kabla ya mechi za Doha, kazi ikakabidhiwa Carlos Queiroz.

Queiroz ni Mreno aliyezaliwa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na amewahi kuzifundisha Real Madrid, timu ya taifa ya Ureno, na Iran katika fainali tatu za Kombe la Dunia. Hakuna aliyeweza kusema hana uzoefu. Lakini makocha wanne ndani ya mwaka mmoja na nusu ni wengi kwa timu yoyote. Kulinda bao moja katika dakika ya 80 si suala la ari pekee. Ni mazoea: nani anatoka kuukabili mpira, nani anabaki, nani anautuliza mchezo kwa pasi fupi badala ya kuubutua mbele na kuupoteza. Mazoea hayo hujengwa kwa muda, na kila kocha mpya huanza na alifu.

Somo la 2009 na 2018

Historia inaonyesha kwamba Oman imewahi kuwa mahali hapa na ikatoka. Shirikisho la soka la nchi hiyo liliundwa mwaka 1978, miaka minne baada ya Oman kushiriki Kombe la Ghuba kwa mara ya kwanza, na kwa muda mrefu timu hiyo ilikuwa ikihesabiwa miongoni mwa vibonde wa eneo hilo. Mabadiliko yalikuja na kizazi cha akina Al-Habsi, Imad Al-Hosni, Fawzi Bashir na Badar Al-Maimani, chini ya kocha Milan Máčala.

Kizazi hicho kilipoteza fainali ya 2004 mjini Doha kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Qatar. Kikapoteza tena fainali ya Januari 2007 mjini Abu Dhabi kwa bao moja la Ismail Matar, lililofungwa katika kipindi cha pili. Fainali mbili mfululizo, mara zote mbele ya wenyeji. Wengi wangeweza kusema bahati imekwisha.

Januari 2009 mashindano yakaja Muscat. Kocha wakati huo alikuwa Mfaransa Claude Le Roy, jina linalojulikana vyema Afrika kwa kazi yake Cameroon, Ghana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Oman ilianza kwa sare tasa na Kuwait, ikaichapa Iraq 4-0 huku Hassan Rabia akifunga mabao matatu, ikaifunga Bahrain 2-0, kisha Qatar 1-0 katika nusu fainali. Tarehe 17 Januari fainali dhidi ya Saudi Arabia ilimalizika bila bao, na Oman ikashinda kwa penalti 6-5. Katika mechi zote tano, Al-Habsi hakuokota mpira wavuni hata mara moja nje ya mikwaju hiyo.

Kombe la pili, lililopatikana Kuwait tarehe 5 Januari 2018, lilifuata njia ile ile. Chini ya Mholanzi Pim Verbeek, Oman ilifungwa bao moja tu katika mashindano yote. Fainali dhidi ya Falme za Kiarabu ilikwisha bila bao, baada ya mlinda mlango Faiz Al-Rushaidi kuokoa penalti ya Omar Abdulrahman mwishoni mwa muda wa kawaida, na kumzuia tena katika mikwaju ya kuamua mshindi. Oman ikatwaa ushindi wa 5-4.

Fainali ya Basra ya Januari 2023 ilikwenda kinyume. Iraq ilishinda 3-2, na bao lake la ushindi lilipatikana katika dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada.

Fainali sita tangu 2004, makombe mawili. Makombe hayo mawili yalipatikana pale lango lilipobaki limefungwa hadi mwisho. Oman haijawahi kuwa timu ya kufunga mabao mengi katika mechi kubwa. Nguvu yake ni ulinzi, na ulinzi usiodumu dakika zote 90 ni sawa na ukuta wenye upande mmoja wazi.

Macho kwa 2027

Desemba 2025 Oman ilicheza Kombe la Mataifa ya Kiarabu nchini Qatar. Ilifika huko kwa kuitoa Somalia kwa mikwaju ya penalti baada ya sare bila bao. Katika kundi lake ilifungwa 2-1 na Saudi Arabia, ikaishinda Komoro 2-1, na haikuvuka hatua ya makundi. Lakini iliibana Morocco, iliyokuja kuwa bingwa, na kutoka nayo sare bila bao. Ilikuwa ishara kwamba ukuta bado unaweza kujengwa.

Mtihani unaofuata ulio mkubwa zaidi ni Kombe la Asia la 2027. Nafasi ya Oman huko ilipatikana katika safari ile ile ya kufuzu iliyoishia kwa majonzi. Mafanikio yake makubwa zaidi katika mashindano hayo ni kufika hatua ya 16 bora mwaka 2019 katika Falme za Kiarabu, ilipotolewa na Iran kwa mabao 2-0.

Njia iliyoifikisha hapo inafaa kukumbukwa. Katika mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya Turkmenistan, Oman ilikuwa sare ya 1-1 hadi dakika ya 84, Al-Ghassani alipofunga la pili. Ushindi mwembamba haukutosha kuihakikishia nafasi. Ndipo katika dakika ya tatu ya muda wa nyongeza likaja bao la tatu, lililoivusha Oman hadi hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza. Mfungaji alikuwa beki Mohammed Al-Musallami, yule yule ambaye miaka sita baadaye angejifunga katika fainali ya Kuwait.

Mchezaji mmoja, dakika zile zile za mwisho, mara ya kwanza kwa furaha ya taifa na mara ya pili kwa huzuni yake. Hakuna haja ya kumtafutia lawama mtu mmoja, wala ya kuamini mkosi. Kinachohitajika kinajulikana: benchi pana zaidi, kocha anayepewa muda, vijana wanaotoka kwenda kucheza ligi ngumu zaidi, na ujasiri wa kutafuta bao la pili badala ya kulilinda la kwanza kwa saa nzima.

Kizazi cha 2004 kilingoja zaidi ya miaka minne na fainali mbili za machozi kabla ya Muscat kusherehekea. Mashabiki wa Oman wanajua kungoja. Wanachoomba sasa ni kwamba, timu yao ikiongoza tena na saa ikafika dakika ya 75, isirudi nyuma.